Tuuzieni bati kwa gramu: barua ya wazi kutoka juu ya mapaa ya Keko

Kwa wenye dhamana ya viwango vya vifaa vya ujenzi, ya mazingira, ya bandari, na ya manispaa za jiji letu la Dar es Salaam.

Waheshimiwa, salaam.

Mimi ni fundi paa, Keko. Kazi yangu ni kupiga kenchi, kutandika papi na kupaua. Siku hizi, hata hivyo, simu nyingi ninazopigiwa si za nyumba mpya. Ni za kuezua mabati yaliyooza kwenye nyumba ambazo rangi ya kuta haijafifia bado. Nawaandikia kwa sababu nimechoka kuitwa mwizi kwa kosa la hewa, na ombi langu kubwa ni kwamba bati liuzwe likiwa limeandikwa gramu za zinki, ule utando unaolikinga na kutu.

Kuna mama mmoja anakaa Kurasini, karibu na njia ya malori ya makontena. Nilimpaulia mimi mwenyewe miaka sita iliyopita, bati jeupe, geji 30, yaani kipimo cha unene wake. Akanipigia: "Fundi, njoo nikuonyeshe nyota." Nilifika saa saba mchana. Akaniingiza stoo, chumba kisicho na dari, akafunga mlango, akazima taa. Juu ya vichwa vyetu zikawaka: kumi, ishirini, na ukishazoea giza unaacha kuhesabu. Akasema kwa upole kabisa, "Mwanangu, mbona ulinipiga?"

Sisi mafundi tunatukanwa kila siku na tumezoea. Ila neno hilo likitoka kwa mtu aliyekuwa anakupikia chai ya saa nne wakati wa kazi, halizoeleki.

Nikapanda juu. Nilitegemea nikute katikati ya paa ndiko kumeoza, kule jua na mvua zinakopiga moja kwa moja. Wapi. Katikati bati lilikuwa limechujuka, la kijivu, lakini zima. Kilichooza ni upenuni, upande wa chini wa bati unaotazama ardhi, na pale bati moja linapopanda juu ya jingine. Bisibisi ilizama bila kusukumwa. Nilipozibandua zile bati mbili zilizopandana, zikakatika mkononi matabaka kwa matabaka, kama chapati ya kusukuma iliyolala.

Yaani sehemu iliyonyeshewa ndiyo iliyopona, na sehemu iliyojificha mvua ndiyo iliyokufa. Kama kutu ingekuwa habari ya maji peke yake, jambo hilo lisingeingia akilini.

Linaingia akilini ukikumbuka kwamba mvua ina kazi mbili. Inalilowesha bati, na pia inaliosha. Kinachooshwa ndicho chenye balaa: chumvi ya bahari, masizi ya dizeli, na salfa iliyotoka kwenye moshi. Uchafu huo ukikaa mahali mvua isipofika, usiku unanyonya unyevu wa hewa, na bati linalala limevaa kitambaa kilicholowa asidi na chumvi mpaka jua la saa nne asubuhi. Kesho yake hivyo hivyo. Miaka sita.

Na nina ushahidi wa pili, ambao ndio ulionifanya nishike kalamu. Siku niliyonunua bati za yule mama, duka lile lile, mzigo ule ule, nilimnunulia pia kaka yangu bati kumi za nyumba yake Manyoni, Singida, mbali na bahari. Nikaenda kupaua mwenyewe, kwa misumari ya boksi moja. Mwaka huu nilipokwenda kumsalimia nilipanda juu kuangalia. Bado linang'aa kiasi cha kukuumiza macho. Fundi yule yule, geji ile ile, duka lile lile. Kilichobadilika ni hewa.

Nisameheni nikieleza yanayojulikana maofisini, maana huku mtaani hayajulikani. Bati ni chuma chembamba kilichochovywa kwenye zinki iliyoyeyushwa. Zinki ni ngao ya ajabu: hata ukiikwaruza mpaka chuma kikaonekana, zinki ya jirani inakubali kuliwa yenyewe kabla chuma hakijaguswa. Kwenye hewa safi inajitengenezea ngozi nyembamba ya kijivu, kabonati ya zinki, ambayo maji ya kawaida hayaiyeyushi kwa urahisi, na ngozi hiyo ndiyo inayolifanya bati lidumu. Sasa lete dioksidi ya salfa, ile hewa inayotoka mafuta au makaa yenye salfa yanapochomwa. Ikikutana na umande inakuwa asidi. Asidi inaigeuza ile ngozi kuwa salfeti ya zinki, na salfeti hiyo huyeyuka kama chumvi kwenye mchuzi. Mvua ya kwanza inaondoka nayo. Zinki inajivika ngozi nyingine, nayo inavuliwa. Chumvi ya bahari inashambulia kwa njia yake, na kubwa ni kwamba inavuta unyevu wa hewani hata siku ambayo tone halijadondoka.

Zinki ikiisha, zamu ni ya chuma. Hapo salfa ina ubaya mwingine: haichoki. Inatengeneza salfeti ya chuma, salfeti ile inageuka kutu na kuachia asidi tena, na asidi inaanza kula pembeni. Ndiyo maana ukipaka rangi juu ya kutu bila kuisugua na kuiosha, unakuwa umemfungia mlango mwizi aliye ndani.

Hili si jipya. Mtafiti Mwingereza W. H. J. Vernon alilionyesha miaka ya 1930. Aliweka vipande vya chuma kwenye hewa safi yenye unyevu mwingi, kutu ikawa kidogo sana. Alipoongeza dioksidi ya salfa kiasi cha sehemu moja katika elfu kumi, unyevu ulipovuka asilimia 60 hivi kutu ikapanda kwa ghafla. Hapa kwetu unyevu unavuka hapo karibu kila usiku. Tumeshajaliwa nusu ya tatizo na bahari. Hatuna sababu ya kujiongezea nusu ya pili kwa mikono yetu.

Sasa nije kwenye hesabu, na hapa naomba msome taratibu, kwa sababu ndiyo shabaha ya barua.

Kipo kiwango cha kimataifa, ISO 9223, kinachoigawa hewa kwa madaraja kulingana na inavyokula metali: C1 hadi C5, halafu CX. C1 ni kama ndani ya ofisi kavu. Kwenye C2 zinki inapungua kati ya mikroni 0.1 na 0.7 kwa mwaka. C3 inafika 2.1, C4 inafika 4.2, C5 inafika 8.4. CX inaweza kufika 25. Mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita, usiipime kwa macho.

Chukua bati lenye zinki ya gramu 100 kwa mita ya mraba. Gramu hizo ni za pande zote mbili, kwa hiyo kila upande una 50, sawa na mikroni 7. Lipeleke mahali penye hewa ya C2: hata kwa kasi kubwa kabisa ya daraja hilo, zinki inamaliza miaka kumi. Lipeleke kwenye C4: karibu miaka miwili mpaka mitatu na kidogo. Kwenye C5 haimalizi wa pili. Sasa chukua bati la gramu 275, ambalo lina mikroni 19 hivi kila upande. Kwenye C4 ile ile linakwenda miaka minne na nusu hadi tisa. Baada ya zinki, chuma chenyewe kwenye C4 kinapoteza mikroni 50 hadi 80 kwa mwaka, karibu mara ishirini ya kasi ya zinki. Bati letu ni jembamba, halina cha kupoteza. Miaka mitatu ya zinki, mitatu ya chuma, jumla sita. Zile nyota za stoo hazikuwa uchawi.

Mtaniuliza: bati la yule mama lilikuwa na gramu ngapi? Hapo ndipo penyewe. Lilikuwa limeandikwa geji. Geji inakwambia unene wa bati, na namba ndogo ndiyo bati nene. Haikwambii hata kidogo limevaa zinki kiasi gani. Nenda leo kwenye maduka ya bati ya Gerezani ukaulize gramu, utaangaliwa kama umeomba nyama kwenye duka la vitabu. Muuzaji atakugongea bati kwa kucha na kusema, "Hii geji 28 bosi, hii unamwachia mjukuu." Na inawezekana kabisa geji 28 yenye zinki ya kupakwa kwa nia tu ikatangulia kuoza kabla ya geji 30 iliyochovywa vizuri. Mteja analipia uzito wa chuma, wakati kinachomlinda ni ule utando ambao bei yake hakuonyeshwa.

Ombi langu la kwanza kwenu wa viwango ni dogo. Kila bati linalouzwa nchini, la kutengenezwa hapa au la kuingizwa, lichapwe gramu za zinki mgongoni, kila baada ya mita moja, kwa wino usiofutika, pamoja na jina la kiwanda na mwezi. Yale ya alumini na zinki, yanayoitwa aluzinki, yaandikwe hivyo na gramu zake, maana nayo watu wanauziwa kwa kung'aa. Ya rangi pia. Rangi inasaidia sana, sikatai, lakini kila ukingo uliokatwa na kila tundu la msumari ni mlango, na nyuma ya mlango ni zinki ile ile isiyojulikana kiasi. Mimi nikiona "275" mgongoni nitamwambia mteja wa Kurasini alipie tofauti. Nikiona "100" nitamwambia aipeleke Manyoni. Huo ndio ushauri ambao leo siwezi kuutoa.

Ombi la pili linahitaji kipande cha bati, fremu na subira. Pimeni hewa yetu kwa metali. Njia yake imeandikwa na inafahamika: unachukua vibao vya chuma, zinki, shaba na alumini, sentimita 10 kwa 15, unavipima kwa mizani ya maabara, unavifunga kwenye fremu iliyolala nyuzi 45, unaviacha mwaka mzima. Kisha unavisafisha kutu kwa dawa yake na kuvipima tena. Upungufu wa uzito unakwambia daraja la hewa. Chumvi nayo inakamatwa kwa kifaa ambacho mtoto wa sekondari anaweza kukitengeneza: chupa ya maji na utambi wa shashi uliosimama wima, upepo unaacha chumvi kwenye utambi, mnaipima maabara. Wekeni fremu Kurasini, Keko, Kigamboni, Mbagala, Ubungo, Wazo. Wekeni na Dodoma ya kulinganishia. Baada ya mwaka bandikeni matokeo ofisi ya kila kata, kama mnavyobandika matangazo mengine: hapa ni daraja fulani, bati lisipungue gramu fulani. Fundi anaelewa maandishi ya namna hiyo haraka kuliko semina.

Kwenu wa bandari. Najua bandari ndiyo inayotulisha, hata mimi bati ninazopiga zilipita hapo. Ila tazameni namba hizi. Viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki viliweka kwamba dizeli ya magari isizidi salfa sehemu 50 kwa milioni, kuanzia Januari 2015. Meli, kwa sheria ya kimataifa iliyoanza Januari 2020, zinaruhusiwa asilimia 0.5. Kwa hesabu ile ile hiyo ni sehemu 5,000 kwa milioni, mara mia ya lori linalopita mlangoni kwangu. Na hayo ni maendeleo, maana kabla ya hapo ilikuwa asilimia 3.5. Meli ikifunga gati haizimi kila kitu. Jenereta zinaendelea kuwasha taa na kupoza makontena ya baridi, siku baada ya siku. Kusi inapoanza, mwezi wa nne kuelekea wa tisa, upepo unatoka baharini na chumvi yake, unavuka Kigamboni, unapita juu ya magati, unachukua na moshi, halafu unatushukia sisi. Chumvi na salfa kwenye pumzi moja.

Bandari za Umoja wa Ulaya zilishaweka, tangu 2010, kwamba meli iliyofunga gati itumie mafuta yasiyozidi asilimia 0.1, au ichukue umeme wa nchi kavu. Kwa nini sisi tusiwe na gati moja la kuanzia? Bwawa la Nyerere linazalisha umeme; siwezi kuamini kwamba waya wa kuufikisha gatini unatushinda. Na faida yake inapimika. Huko Ulaya salfa hewani ilipoanza kushuka kuanzia miaka ya 1980, zinki nayo ilianza kuliwa polepole. Vibao vile vile ninavyowaomba ndivyo vilivyoonyesha.

Manispaa, lenu ni fupi na linanuka. Vijana wa skrepa wanachoma nyaya usiku kwenye mabonde ili wapate shaba. Ule mpira wa waya mara nyingi ni plastiki iitwayo PVC, na PVC ikiungua inatoa hewa ya hidrojeni kloridi, ambayo ikilowa ni asidi kali, achilia mbali inavyofanya kwenye vifua vya watoto. Geti langu mwenyewe, lililopakwa redi oksaidi na rangi mbili za juu, liko mita chache kutoka kwenye bonde kama hilo. Upande unaotazama bonde umefura malengelenge. Upande wa pili ni mzima. Siwaombi muwakamate wale vijana, maana wanatafuta ugali. Wapatieni mashine ya kuchuna nyaya, hata moja kwa mtaa, tena wauze shaba safi isiyoungua kwa bei nzuri zaidi.

Nikiwasema ninyi bila kujisema nitakuwa mnafiki. Sisi mafundi tuna letu. Tunakata bati kwa grainda wakati mkasi upo, kwa sababu grainda ina haraka. Zile cheche ni chembe za chuma cha moto. Zinadondoka juu ya bati jipya, zinajichimbia kwenye zinki, na wiki ya pili paa lina madoadoa mekundu. Joto lenyewe limeshaunguza zinki ya ukingo. Tunarundika bati mbichi za mvua, moja juu ya nyingine, zinatoka na unga mweupe, tunazifuta na tambara na kuzipiga hivyo hivyo. Tunapitisha bomba la shaba la maji ya kiyoyozi lidondoshee juu ya bati, na pale matone yanapotua zinki inaisha upesi kwa sababu shaba na zinki hazikai nyumba moja. Nimeyafanya yote hayo. La grainda nimeliacha miaka minne iliyopita, na bado kuna siku nikiwa na haraka mkono unaitafuta.

Habari ya nondo sitaigusa sana. Mchanga wenye chumvi ya bahari ndani ya zege, na zege kupoteza ukali wake kwa hewa ya ukaa mpaka nondo inabaki uchi, ni mambo ya wahandisi na yanastahili barua yake. Nasema tu kwamba kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilikotoka, ndiyo maana nguzo inapasuka kutokea ndani. Mwenye macho atembee Kariakoo atazame chini ya vibaraza vya maghorofa ya zamani.

Yule mama nimempaulia upya. Mbao nilizibakiza, bati akanunua kwa mkopo wa kikundi chake, ufundi sikuchukua hela. Nimemwambia kila baada ya wiki mbili, hasa wakati wa kusi, amwagie maji ya bomba chini ya upenu, kule mvua isikofika. Akaniuliza bili ya maji atalipa nani.

Kipande cha bati lake la zamani ninacho. Na kaka yangu wa Manyoni amenikatia ncha ya bati lake, pacha wa kile. Nimevifunga kwenye nailoni kavu pamoja na risiti moja ya duka inayoonyesha tarehe. Yeyote kati yenu mwenye mizani ya maabara atume mtu avichukue. Na kama mnatafuta mahali pa kufunga ile fremu ya kwanza, paa langu Keko linatazama bandari, na ngazi ninayo.

Wenu,
Fundi paa, Keko, Temeke